Wacheni Kukemea Paka

Ujumbe wa leo ni mrefu. Kama uko kwa matatu tafuta kiti kwanza, na kama unapika punguza moto.

Wiki hii nimetumiwa klipu moja mara kumi na moja. Wengi wenu mmeiona. Mtumishi amesimama madhabahuni, ameinua simu ya kijana juu, anasema ndani ya hiyo simu kuna paka wa kuzimu, kuna malaika wanapigwa vita, kuna wafu wanatoka chini ya ardhi, na kila mtoto anayecheza ameshaingia agano bila kujua. Watu wanapiga makofi. Mwenye simu amesimama pembeni, kichwa chini, na ukimtazama vizuri utaona anajizuia kucheka.

Sitamtaja mtumishi huyo. Sina ugomvi na yeye, nina ugomvi na mahubiri yake. Yule kijana alitoka pale akiwa amejifunza jambo moja tu, kwamba mchungaji hajui anachosema. Siku mchungaji atakapomwambia jambo la kweli kuhusu hiyo simu, hatasikiza.

Na jambo la kweli lipo. Ndiyo sababu naandika.

Gemu yenyewe inaitwa The Battle Cats. Imetengenezwa na kampuni ya PONOS ya Kyoto, Japani, na ilianza huko mwaka wa 2012. Vijana wa kanisa letu ndio walionifunza, na nimeicheza majuma matatu, usiku, mke wangu akinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Kwa hivyo haya sikuyasikia kwa mtu.

Wacha nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu huwezi kukemea kitu ambacho hujakifungua.

Kuna njia moja tu. Upande mmoja ngome yako, upande wa pili ngome ya adui. Madude yanatoka kwake yanakuja kwako, na paka wako wanatoka kwako wanaenda kwake. Pesa inaingia yenyewe polepole, na mfuko wako una kikomo. Ukitaka iingie haraka na mfuko upanuke, lazima utumie sehemu ya pesa hiyo hiyo kumpandisha cheo paka mfanyakazi, na wakati huo adui anazidi kusogea. Kila paka ana bei yake, na ukishamtuma lazima umsubiri kidogo kabla ya kumtuma mwingine wa aina yake. Unaenda vitani na aina kumi tu, hata kama unamiliki mia tatu. Na hili ndilo lililonivutia: ukishamtuma paka huna usukani tena. Huwezi kumwambia rudi, huwezi kumwambia kimbia. Kazi yako yote ni kuchagua nani aende, lini, na nyuma ya nani.

Mbele unaweka paka wa bei rahisi wenye mwili mgumu, ambao kazi yao ni kupigwa. Hao ni ukuta. Nyuma yao unaweka wale ghali wanaopiga kutoka mbali. Ukuta ukivunjika, wale ghali wanakufa bure, na pesa uliyokusanya polepole unaiona ikianguka kwa sekunde tatu. Mtoto wa darasa la saba anajua hivyo. Mtoto anayejua kwamba hutumi paka wa bei kubwa kabla ukuta haujasimama ana kitu cha kutufunza sisi tunaonunua spika za kanisa kabla ya kuchimba choo.

Sasa hao "malaika" na "wafu". Madude ya adui yamegawanywa kwa alama. Kuna mekundu, meusi, yanayoelea, ya chuma, malaika, wageni kutoka anga, na wafu. Alama hizi zinakuambia tu ni paka gani atafaa dhidi ya nani. Dude la chuma, kwa mfano, ukilipiga kwa nguvu ya elfu kumi linaumia kwa moja, mpaka upate paka ambaye mara chache anapiga pigo maalum linalopenya. Wafu wanachimba chini, wanatokea nyuma ya ukuta wako, na ukiwaua wanaamka tena, isipokuwa wauawe na paka mwenye kipawa cha kuwamaliza. Na miongoni mwa hao "malaika" wanaopigwa vita yumo nguruwe mwenye mabawa. Nguruwe. Nimesoma Danieli 10 na Ufunuo 12 chuoni, kwa Kiebrania na Kigiriki cha kubabaisha, na huyo nguruwe sikumkuta. Ni alama, kama namba kwa kiatu. Ni mzaha wa Wajapani, na kwa kweli unachekesha.

Mtu ataniuliza, "Pastor, kwa nini basi mtoto akusanye madude? Si hiyo yenyewe ni roho?" Kukusanya si dhambi. Wewe uliyezaliwa miaka ya themanini ulikusanya vifuniko vya soda na bano mpaka mfuko wa kaptura ukatoboka. Satoshi Tajiri, yule Mjapani aliyeanzisha Pokémon mwaka wa 1996, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu, na gemu yake ilitoka hapo: madude 151, uyakamate yote, ubadilishane na rafiki yako. Michezo ya kulinda ngome nayo ina ukoo wake. Kulikuwa na Rampart mwaka wa 1990, halafu vijana wakatengeneza ramani zao ndani ya Warcraft III, halafu Plants vs. Zombies mwaka wa 2009, ile ya maua dhidi ya maiti ambayo hata mashemasi wetu wameicheza na hawasemi. Mtu alichukua kukusanya, akachukua kulinda, akaunganisha. Mpaka hapo sina la kukemea. Nehemia 4 ni sura ya kulinda ukuta: aliwapanga watu kwa jamaa zao mahali penye mapengo, wengine wakijenga na wengine wameshika mikuki. Mtoto aliyecheza gemu hii anaelewa sura hiyo haraka kuliko mzee wa kanisa.

Lakini jiulize swali ambalo mhubiri wa klipu hakuuliza. HAO PAKA WANATOKA WAPI?

Wachache wa kwanza unawapata kwa kushinda hatua. Halafu unafika mahali ukuta wako hautoshi, na gemu inakuonyesha mlango wa pili. Mlango huo unaitwa gacha. Jina limetoka kwa zile mashine za Japani zilizosimama nje ya maduka: unatia sarafu, unazungusha kitasa, kinaanguka kifuko cha plastiki chenye kitoto cha kuchezea ndani, na hujui ni kipi mpaka ufungue. Ndani ya simu ni hivyo hivyo. Humnunui paka. Unanunua nafasi ya kuzungusha.

Na huzungushi kwa shilingi. Hapa ndipo ujanja ulipo, kwa hivyo soma polepole. Shilingi inanunua chakula cha paka. Chakula cha paka 150 kinazungusha mara moja. Mtoto akiona "150" haoni pesa, anaona chakula cha paka. Shilingi ishabadilishwa jina, na pesa iliyobadilishwa jina haiumi ikitoka. Muulize mtu yeyote aliyewahi kucheza karata kwa vibiriti.

Ukishazungusha, kuna madaraja. Kubwa kabisa kwa wingi ni wale adimu wa kawaida, karibu 70 kwa kila 100. Wanafuata walio adimu zaidi, 25 kwa 100. Wale ambao kila kijana anawataka, wale wakubwa wenye picha za kutisha, ni kama 5 kwa 100. Gemu yenyewe inaonyesha hesabu hii, haijaificha. Nampa mtu haki yake.

Sasa tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo ibada ilipo. Watano kwa mia, mtoto anasikia "nikizungusha mara 20 nitapata mmoja." Sivyo. Chukua watoto 100, kila mmoja azungushe mara 20. Karibu 36 kati yao wataondoka bila hata mmoja. Hao 36 hawakukosea kitu na hawakukosa imani. Hesabu ndiyo iliyo hivyo. Kila mzunguko unaanza upya, na mashine haikumbuki kwamba umeshakosa mara 19.

Halafu mtoto hataki tu mmoja wa wale wakubwa. Anamtaka yule. Tuseme kikapu cha wiki hiyo kina wakubwa kumi wenye nafasi sawa. Nafasi ya kumpata yule mmoja inakuwa nusu kwa mia, yaani mara moja katika 200. Na hata akizungusha mara 200 zote, watoto 37 katika 100 bado hawatampata.

Na akitaka wote kumi, ambayo ndiyo maana ya kukusanya? Wa kwanza ni yeyote. Lakini akishakuwa na tisa, kila mkubwa mpya anayeanguka ana nafasi tisa kwa kumi za kuwa yule aliye naye tayari, anayegeuka kuwa nyongeza kidogo tu ya nguvu. Kwa wastani atahitaji wakubwa 29 waanguke ndipo kumi tofauti watimie, na wakubwa 29 kwa watano kwa mia ni kama mizunguko 586. Zidisha kwa 150. Ni chakula cha paka 87,900. Huo ni wastani, na wengine watapita hapo mbali.

Wajapani wenyewe waliliona hili. Mwezi wa Mei 2012 shirika lao la serikali la kulinda wateja lilitangaza kwamba ile gacha ya kukamilisha seti, ambapo lazima upate vipande vyote ndipo upewe zawadi kubwa, inavunja sheria, na makampuni yakaiacha. Walikata tawi hilo moja. Shina la kuzungusha liliachwa. China ikaamuru kuanzia 2017 kila gemu itangaze nafasi zake. Mwaka huo huo Apple ikaweka sharti kama hilo kwa duka lake. Mwaka wa 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ikasema wazi kwamba masanduku ya bahati yanayonunuliwa kwa pesa ndani ya gemu ni kamari. Hao si wachungaji. Hakuna aliyepaka mtu mafuta. Walikaa chini, wakafungua mashine, wakaona.

Kwa nini inashika? Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, B. F. Skinner. Yeye na mwenzake Ferster walichapisha kitabu kikubwa mwaka wa 1957 kuhusu ndege na punje. Njiwa akidonoa kitufe na apate punje kila mara ya kumi, atadonoa, atakula, atapumzika. Lakini punje ikija bila mpango, wakati mwingine baada ya mara tatu, wakati mwingine baada ya arobaini, njiwa hapumziki. Atadonoa na kudonoa, na ukikata punje kabisa ataendelea kudonoa kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Hakuna pepo ndani ya njiwa. Ni ratiba tu.

Ongeza nguvu ya kuchezea, ambayo inarudi pointi moja kila dakika, ili mtoto awe na sababu ya kurudi baada ya chakula cha mchana, na tena jioni. Ongeza zawadi ya kuingia kila siku. Ongeza kikapu chenye tarehe ya mwisho: paka huyu yupo mpaka Jumatatu, halafu haijulikani atarudi lini. Na ongeza chakula cha bure, kidogo kidogo, kwa kumaliza hatua. Hicho cha bure ndicho ninachokiogopa zaidi. Mkono unajifunza kuzungusha kabla mfuko haujaguswa.

Vijana wangu wamenionyesha pia kitu ambacho sikukitegemea. Wachezaji wa gemu hii waligundua kwamba mfuatano wa paka kwa kila akaunti umeshapangwa na hesabu tangu mwanzo, kutoka kwa namba moja ya siri, na wapo waliotengeneza vikokotoo vya kuutabiri. Yaani kuna mtoto mahali anazungusha simu kichwani mara tatu, anapuliza skrini, anaomba, "Bwana nipe yule mwekundu," na jibu liliandikwa kwa mashine siku alipofungua akaunti. Mtumishi mwenzangu, ukitaka kuhubiri juu ya roho ya ushirikina kwa simu, hubiri hiyo. Ya kupuliza skrini.

Sasa wacha nijibu wale wenye akili, maana wapo, na huwa wananiandikia usiku.

Wanasema: "Pastor, hii si kamari, kwa sababu mtoto hawezi kushinda pesa." Ni hoja ya kweli kisheria, na serikali ya Uingereza iliitegemea kwa muda mrefu, mpaka mwaka wa 2022 ikaamua kuwaachia wenye gemu wajirekebishe. Lakini sikiza inavyosikika ukiisema polepole. Kijana anayebeti mpira Jumamosi anatoa pesa na pengine mara moja kwa mwaka atarudishiwa. Mtoto wa gacha anatoa pesa na kwa hakika hatarudishiwa kamwe. Na hiyo ndiyo sababu tunamwacha mtoto acheze? Kwa sababu hakuna hata uwezekano wa kushinda? Tumechukua ubaya wa kamari, tukaondoa kile kidogo ambacho mcheza kamari hujitetea nacho, tukampa mtoto wa miaka kumi.

Hapa Kenya aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Mwaka wa 2025 tulipata sheria mpya ya kudhibiti kamari, na tukashukuru. Duka la kamari lina mlinzi mlangoni. Mashine hii haina mlinzi, na inakubali M-Pesa.

Wengine wanasema, "Lakini Biblia yenyewe ina kura." Ndiyo. Matendo 1 walipiga kura wakampata Mathiya. Mithali 16 inasema juu ya kura kutupwa na neno lake lote kutoka kwa Bwana. Bahati yenyewe haijawahi kuwa dhambi, na hata ndani ya gemu hii kuna hazina zinazoanguka kwa bahati ukishinda hatua, bila senti moja, na hizo sina shida nazo. Lakini soma Isaya 65, mstari wa 11. Nabii anawakemea watu walioandaa meza kwa ajili ya miungu wawili, ambao kwa Kiebrania ni Gadi na Meni. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inawaita Bahati na Ajali. Wale watu hawakuwa wanapiga kura, walikuwa wanalisha. Walikuwa wanapeleka chakula kwa Bahati ili Bahati iwakumbuke. Chakula, wapendwa. Sikulitunga mimi hilo neno.

Kuna mama katika kanisa letu, mweka hazina wa chama chao. Gemu ya mwanawe si hii ya paka, ni nyingine ya kulinda ngome na kukusanya madude, na sitaitaja. Mtoto alijua PIN kwa sababu ndiye humsomea mamake meseji. Pesa ilitoka mia moja na thelathini, mia moja na thelathini, mia mbili na sitini, usiku tatu, mpaka ikawa elfu sita na mia nne. Pesa ya wamama kumi na wawili wanaouza mboga. Alipokuja kwangu hakuuliza kama mtoto ana pepo. Aliuliza atasimama vipi Jumatano mbele ya wenzake. Hilo ndilo swali la kichungaji, na yule wa klipu hana jibu lake, kwa sababu ameshughulika na paka. (Wamama walikubali alipe kidogo kidogo. Bado analipa. Mtoto anaosha magari Jumamosi, na yeye ndiye anapeleka ile pesa kwa mikono yake, mama kwa mama.)

Mzazi, usiniambie "afadhali gemu kuliko kuzurura." Inategemea gemu gani, na sehemu gani ya hiyo gemu. Saa moja ya kupanga ukuta ni saa nzuri. Dakika tano za kuzungusha zinaweza kumaliza karo. Ni simu ile ile, kijana yule yule, na ukipita nyuma yake yote yanaonekana sawa.

Sasa niwageukie watumishi wenzangu, na hapa najua nitapoteza marafiki.

Kijana mmoja wa darasa langu, baada ya mimi kueleza haya yote, aliinua mkono. Akasema, "Pastor, lakini si hata makanisa mengine yana hiyo?" Nikamwambia endelea. Akasema kuna mhubiri wa redioni anayesema panda mbegu ya elfu moja usiku wa leo, mlango wa neema unafungwa saa sita, na hujui muujiza wako utakuwa upi. Akasema, "Si hiyo ni kikapu cha wikendi?"

Darasa lote likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana alikuwa amehesabu vizuri. Kuna bei. Kuna tarehe ya mwisho. Pesa imebadilishwa jina, inaitwa mbegu, ili isiume ikitoka. Kuna mmoja aliyepata, anapewa maikrofoni atoe ushuhuda, na wale 99 waliokosa hakuna aliyewauliza. Na ukikosa, unaambiwa uzungushe tena, kwa imani zaidi. Tofauti ni kwamba Wajapani wanaandika nafasi zao kwa skrini. Sisi hatuandiki.

Mtumishi, ukiendesha mashine hiyo Ijumaa, usipande madhabahuni Jumapili ukemee paka. Watoto wetu wamesomea mashine. Wanaitambua ikiwa kwa simu na wanaitambua ikiwa imevaa suti. Sadaka ya mtu anayetoa kwa moyo, akijua anatoa nini na kwa nani, hiyo ni ibada, na sitaiguza. Nasema juu ya ile ya kuzungusha.

Basi, kwa wazazi, mambo ya kufanya usiku huu. Kwa simu za Android fungua Play Store, gusa picha yako pale juu, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, na uweke iulize kila mara mtu anapotaka kununua. Toa M-Pesa na kadi kwa akaunti anayotumia mtoto. Badilisha PIN, na umtafute mtu mwingine wa kukusomea meseji. Halafu, kabla hujamnyang'anya mtoto kitu chochote, keti karibu naye umwambie akuonyeshe ukuta wake. Mwache akueleze nani yuko mbele na nani yuko nyuma na kwa nini. Ukishamsikiza dakika kumi, muulize huyu mkubwa alitoka wapi. Atakuambia. Hapo ndipo upige naye hiyo hesabu ya 36 kwa 100, kwa kalamu, kwa karatasi. Nimeona kijana wa kidato cha pili akinyamaza alipofika kwa ile 586.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa pale kwa hema la vijana na meza mbili. Leteni simu na mje na watoto wenyewe; tutaweka hiyo mipangilio moja moja, na vijana wangu watawaonyesha gemu kwa wasioijua. Wamama wa chama watakuwa na chai na mandazi, shilingi hamsini. Tafadhali msije na mafuta ya kupaka simu. Mara ya mwisho skrini mbili ziliharibika.